Misaada ya makanisa iwafikie pia waliowapokea waathirika

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa picha ya viongozi wa kanisa wakikabidhi unga, mafuta ya kupikia na mablanketi kwa familia zilizoharibiwa nyumba na mvua. Niliifurahia picha ile. Mimi ni Mkatoliki, mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na vitu kama hivyo nimevigawa kwa mikono yangu. Ila kuna watu ambao picha za namna ile hazijawahi kuwaonyesha, nao ndio wamenifanya nishike kalamu. Ni wenye nyumba ambako waathirika hurudi kulala wakitoka kwenye foleni ya misaada.

Ninaishi Endasak, wilaya ya Hanang', mkoani Manyara, kwenye barabara ya kutoka Babati kwenda Singida. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima. Sehemu ya Mlima Hanang' ikameguka, tope likashuka na mawe na magogo mpaka Katesh mjini, Jorodom, Gendabi na vijiji vingine. Watu 89 walipoteza maisha. Wasomaji wengi wanakumbuka jinsi Rais Samia alivyokatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi kule Dubai, jinsi vijana wa jeshi walivyochimbua tope, na jinsi waliobaki bila makazi walivyohifadhiwa kwenye shule. Kwetu Endasak tope halikufika. Waliofika ni watu. Walikuja kwa bodaboda, kwa Hiace, wengine kwa miguu, wakiwa na watoto mgongoni na nguo zilizokauka tope mwilini, wakiulizia nyumba za shangazi, za mashemeji, za watu waliowahi kusoma nao.

Makanisa yalifika mapema, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Ndani ya siku chache malori yalikuwa yanashusha magunia, na hakuna aliyeulizwa dhehebu lake. Padri wetu alisimama mbele ya wagawaji akatuambia kwamba atakayemuuliza mtu dini yake pale mezani akae kando ampishe mwingine. Walihudumiwa Waislamu wenye maduka ya sokoni, walihudumiwa wazee wa Kibarbaig ambao hawajawahi kukanyaga kanisani, na hakuna aliyetakiwa kusali kwanza ndipo apewe sabuni. Najivunia jambo hilo mpaka leo.

Nilikuwa msaidizi kwenye kituo kimoja cha ugawaji. Kwa kuwa najua Kiiraqw, kazi yangu ilikuwa kukaa mezani pembeni ya kijana wa shirika lililoleta vitu, nikiwatafsiria bibi na babu ambao Kiswahili kinawapa shida, na kuandika kwenye kaunta buku nani kapokea nini. Shirika lenyewe silitaji, maana sina ugomvi nalo na vijana wake walikuwa na adabu. Utaratibu ulikuwa wazi: jina likiwa kwenye orodha ya kambi, mtu anapewa unga, maharage, lita za mafuta, ndoo, sabuni, blanketi na godoro. Jina lisipokuwepo, hapewi.

Siku moja alifika mama mmoja wa hapa Endasak ambaye namfahamu tangu akiwa msichana, nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa amemshika mkono mama mkwe wa dada yake, bibi mzee kabisa aliyetolewa Jorodom. Kijana akaangalia orodha. Jina la bibi halikuwepo, kwa sababu bibi hakulala shuleni hata usiku mmoja, alikuja moja kwa moja kwa ndugu. Akaelekezwa arudi Katesh kujiandikisha. Yule mama akanigeukia mimi: "Mwalimu, naomba uwaelezee. Hatujatoka kambini, lakini kwangu sasa tunakula watu kumi na mbili kwenye sufuria moja." Nikaeleza. Kijana alisikiliza, akaonekana kuumia, akasema maelekezo aliyopewa hayamruhusu. Wakaondoka na sabuni mbili alizowapa kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe.

Baadaye nilienda nyumbani kwa mama yule. Vyumba viwili na sebule. Watoto wake watano na mumewe, kisha dada yake mwenye watoto watatu, kisha bibi. Vijana wa kiume walilala jikoni kwenye magunia matupu. Hakulalamika kuhusu nafasi. Kilichomnyima usingizi kilikuwa ghala lake. Wasomaji wa mjini pengine hawaijui kalenda yetu, kwa hiyo naomba niieleze. Sisi mahindi tunavuna kuanzia Juni. Yanayobaki Desemba ndiyo yanayotakiwa kutufikisha kwenye mavuno mengine, na Desemba hiyohiyo ndipo mtu anapohitaji mbegu na nguvu za kulima. Familia yake ilikuwa imebakiza magunia ya kuwatosha watu saba mpaka Mei, kwa kujibana. Walipokuwa watu kumi na mbili, ghala lilikauka mwishoni mwa Februari. Aliuza mbuzi, halafu akauza mtamba aliyekuwa akimtegemea kwa ada ya sekondari ya binti yake. Hakuna aliyemlazimisha. Alipoulizwa na mumewe kama wageni waombwe kurudi Katesh, alijibu, na jibu hilo nililisikia kwa masikio yangu, "Warudi wapi, kwenye tope?"

Tuliogawa misaada tulikuwa na madaftari yaliyojaa majina, na jina la mama huyu halikuwemo hata katika moja. Si mwathirika kwa maana ya fomu, kwa sababu nyumba yake haikuguswa. Lakini chakula alichokitoa ni kingi kuliko kile ambacho familia moja ilipewa pale mezani, na alikitoa kutoka kwenye ghala ambalo hakuna lori lililokuja kulijaza.

Najua wapo watakaoniambia kwamba hivyo ndivyo undugu ulivyo na kwamba kumlipa mtu kwa kumpokea ndugu yake ni kuharibu mila. Nakubaliana nao kuhusu malipo. Hakuna anayeomba posho ya ukarimu. Ninachosema ni kwamba msaada unaohesabu watu kwa mahali walipolala, badala ya kuwahesabu kwa wanachokosa, unaacha nje watu wengi kuliko unavyodhani. Na walioachwa ni walewale waliotuondolea sisi mzigo. Kama kila familia ya Jorodom na Gendabi ingekimbilia madarasani, ni kambi gani ingetosha? Shule zenyewe Januari zilihitaji madarasa yake kwa ajili ya wanafunzi. Waliotoka pale wengi walikwenda kwa ndugu na kwenye vyumba vya kupanga, na kwa wengine foleni ya misaada ikaishia hapo. Serikali ilijenga nyumba kule Warret, na jumla ya nyumba 109 zimepata wenyewe, jambo ambalo wengi wetu hatukutegemea kuliona upesi hivyo. Kati ya tope na funguo za nyumba hizo kulikuwa na miezi mingi, na katika miezi hiyo mtu alilala mahali fulani na kula chakula cha mtu fulani.

Makanisa ndiyo ninayoyaandikia hasa, kwa sababu nadhani yana uwezo wa kulirekebisha hili kuliko taasisi nyingine, na yana sababu zaidi ya kulirekebisha. Kila mara kanisa linapokabidhi misaada husomwa Mathayo 25. Tunasisitiza wenye njaa, wenye kiu na walio uchi. Katika orodha ileile yumo mgeni aliyekaribishwa. Walioitimiza sehemu hiyo kule Hanang' ni akina mama wenye vyumba viwili, na kanisa haliwezi kusoma mstari ule madhabahuni kisha likawapita nyumbani kwao. Na ugomvi wa kwanza wa ugawaji uliowahi kuandikwa katika kanisa ulikuwa juu ya orodha. Uko katika Matendo ya Mitume sura ya 6: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, wenzao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa kazi hiyo. Sisi nasi tunaweza kuwateua watu saba katika kila kigango, na wala hatuhitaji kusubiri maafa yatokee kwanza.

Nikisema kanisa lina uwezo nina maana ya jumuiya ndogondogo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa kanda hii ya Afrika walitaka kanisa lisimame juu ya jumuiya hizo, na leo hazikosekani mtaani. Sisi tunakutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wetu. Mwenyekiti wa jumuiya anajua nyumba ipi imeongeza vichwa, mtoto gani amehamia kwa bibi yake, nani ameacha kuja kwa kuwa hana hata sukari ya kuwapikia chai wanajumuiya zamu yake ikifika. Hakuna fomu ya shirika inayoyajua haya. Lakini jumuiya peke yake haitoshi, kwa sababu inawajua Wakatoliki tu, na wenzetu Walutheri wa KKKT na Wapentekoste vilevile wanawajua wa kwao. Kwa hiyo orodha iandikwe na mwenyekiti wa kitongoji, balozi wa nyumba kumi, mtu wa jumuiya na mtu wa msikiti wakiwa wamekaa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Sioni kwa nini kanisa lisiipelekee kamati hiyo swali moja la nyongeza: katika kijiji hiki, nani amepokea watu, na wangapi?

Orodha ikishaandikwa isomwe kwa sauti hadharani, watu wote wakiwepo, kabla gunia moja halijafunguliwa. Nimeona hili likifanyika kwenye kitongoji kimoja na nilishangaa jinsi watu wanavyosahihisha wenyewe. Mtu mmoja alinyanyuka akasema jina lake litolewe, mgeni wake amepata chumba Babati. Mwingine akataja nyumba ya mzee mmoja asiyeweza kutembea, ambayo hakuna kiongozi aliyeikumbuka. Ilichukua muda, jua likatuchoma, lakini siku ya kugawa hakuna aliyegombana.

Kuhusu vitu vyenyewe, naomba wasomaji wanaochanga makanisani wanivumilie kidogo, maana haya niliyaona nikiwa nimekaa na daftari. Mahindi mazima yanahitaji hela ya kusagia. Mtu aliyepoteza kila kitu ukimpa mahindi bila hela ya mashine, atauza sehemu ya mahindi hayo kwa bei ya kutupa ili asage yaliyobaki. Niliwaona akina mama wakipima kwa sado, yaani kopo la kupimia nafaka, pembeni ya mashine, wakiwauzia wachuuzi waliokuwa wanawasubiri. Maharage ya zamani yanakula kuni nyingi mpaka yaive, na mwenye nyumba ndiye anayezitafuta kuni. Chumvi ilisahaulika kwenye shehena nyingi. Sufuria kubwa za kupikia watu wengi zilikuwa adimu kuliko godoro, na mpaka leo sijaona bango la makabidhiano lililoandikwa sufuria. Mitumba ilikuja mingi. Watu hucheka wanapoona makoti mazito katika marobota hayo, lakini huku kwetu ni baridi, na makoti yale yalikuwa yakigombaniwa tangu siku ya kwanza. Taulo za kike zililetwa na kikundi kimoja cha vijana wa kanisa bila kuambiwa na mtu, Mungu awabariki.

Na palipo na soko, pesa ipewe nafasi. Wafanyabiashara wa Katesh nao walizolewa mali na tope. Lori linaloleta unga kutoka mbali linamlisha mtu mmoja na kumnyima mwingine mteja, wakati duka la jirani tayari lina unga. Parokia ikinunua mahindi kwa mkulima wa Nangwa au Endasak, fedha inabaki wilayani na nauli ya lori inageuka kuwa chakula. Serikali kupitia TASAF, mfuko wake wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizipa kaya maskini ruzuku ya fedha kwa miaka mingi, na wanawake wengi walioipokea walinunua kuku, madaftari na bati. Sijui kwa nini tukifika kanisani tunaogopa kwamba mjane akipewa fedha ataipoteza.

Jambo linalonigusa zaidi ni wakati. Desemba ile misaada ilimiminika, kwa kuwa ni mwezi wa Krismasi na habari zilikuwa mpya. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia 14 Februari, Pasaka ikawa 31 Machi. Kwaresima nzima ilikaa juu ya wiki zilezile ambazo maghala ya waliopokea wageni yalikuwa yanakauka. Tulifunga, tukatoa sadaka kwa ajili ya wahitaji, na sidhani kuna aliyefikiria kwamba mhitaji wa Februari ni yule aliyekuwa mtoaji Desemba. Ningependa kila jimbo linalopokea misaada ya maafa liweke theluthi yake kando, iliyofungwa na kuandikwa, isiguswe mpaka mwezi wa tatu baada ya maafa, na itoke ikiwa mbegu, chakula na ada kwa nyumba zilizobeba wenzao. Mapadri wataniambia kwamba wafadhili wanataka kuona vitu vimegawiwa haraka. Basi wafadhili waelezwe. Mkristo wa Ujerumani au wa Mbezi, Dar es Salaam, aliyechanga kwa moyo safi akielezwa habari ya mtamba aliyeuzwa ataelewa.

Jambo hili si geni katika ukristo wa nchi hii. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kuhudumia wakimbizi kwa ushirikiano wa Walutheri wa dunia na makanisa ya hapa, halikuishia kwenye mipaka ya makambi. Vijiji jirani navyo vilihesabiwa katika kazi za maji na upandaji miti, kwa sababu mkimbizi anakata kuni katika msitu wa mwenyeji na kuteka maji katika kisima cha mwenyeji. Kule Ngara, mpakani na Rwanda, mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Waliowaona wakipita kwanza walikuwa wakulima wa Tanzania, wamesimama kwenye mashamba yao. Kama hesabu hiyo iliwezekana kwa umati wa namna ile, kwa Endasak haiwezi kushindikana.

Na maafa hayajatuacha. Aprili 2024, miezi michache tu baada ya Hanang', Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini. Rufiji ilikuwa chini ya maji. Sehemu kubwa ya kaya hizo haikulala kwenye mahema. Zilikwenda mahali, na huko zilikokwenda kulikuwa na mtu aliyefungua mlango.

Ombi langu kwa ofisi za majimbo za Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa idara za diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, za KKKT na kwa makanisa mengine yote ni kwamba kabla ya mvua zijazo kila parokia na kila usharika uwe na daftari lenye ukurasa wa wenyeji, karibu na ukurasa wa waathirika. Na ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako atakapotumwa tena kwenye makabidhiano, baada ya kupiga picha ya magunia amwombe mmoja wa waliopokea amwongoze mpaka anakolala. Amuulize mwenye nyumba ghala lake litafika mwezi gani, na atuchapishie jibu hilo.

Mwalimu mstaafu,
Endasak, Hanang', Manyara
(Jina na namba ya simu vipo kwa Mhariri)